Kitita cha St

Juzi jioni nilikuwa jikoni hapa mjini Wote nikikata sukuma wiki, na binti yangu wa gredi ya saba amekaa mezani na kazi ya shule. Walikuwa wameambiwa waandike maneno ishirini ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi g na r, pamoja na maana yake. Kabla sijamaliza fungu la kwanza, akafunga daftari. Nikamwuliza kama ameshamaliza, akasema kitambo sana, simu imempa yote. Nikamwambia anisomee basi. Akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani: grain, nafaka, grace, neema, grief, huzuni, grudge, kinyongo. Halafu akaniuliza mbona nimeacha kukata.

Kweli nilikuwa nimeacha, kisu kiko hewani. Nikamwambia ni vitunguu vimeniingia machoni, na vitunguu hata sikuwa nimevitoa kwenye kikapu. Yaani mpaka leo, nikiguswa mahali hapo, uongo unanitoka bila kuuita.

Wewe nitakuambia ukweli, kwa sababu nimechoka kuubeba.

Nilikulia upande wa Migwani, kwa nyanya yangu mzaa mama. Sisi nyanya tunamwita susu, kwa hivyo hapa atakuwa Susu tu. Shule yetu ilikuwa na madarasa ya matofali yasiyopigwa plasta, na vumbi ambalo tulilinyunyizia maji kila Ijumaa, kila mtoto na kibuyu chake kutoka nyumbani. Darasa la nane tulikuwa thelathini na kitu, na kamusi ya Kiingereza ilikuwa moja, ya Mwalimu mwenyewe. Jalada lilikuwa limetoka, na uti wa mgongo wake ulikuwa umelegea hata ukiifungua inakumwagikia mapajani. Ukitaka maana ya neno unapanga foleni, na kengele inalia kabla zamu yako haijafika.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mwembamba wa sweta moja, jua na mvua. Siku moja alikuja na wembe, akaikata ile kamusi mbele ya macho yetu. Tulishtuka sana. Kwetu kuchana kitabu ilikuwa kesi, mzazi anaitwa. Lakini yeye alikata taratibu, akifuata herufi za mwanzo, akampa kila mtoto kipande chake: wewe utashika maneno ya br, wewe cl, wewe un. Tukapeleka vipande nyumbani vikashonwa kwa sindano ya vyondo na uzi wa makonge, vikavishwa majalada ya karatasi ya mfuko wa saruji. Tukaviita vitita. Mimi nilipewa st. Kilikuwa kitita kinene, na kuanzia siku hiyo Mwalimu aliacha kuniita kwa jina. Nikawa St, na darasa lote likafuata.

Mambo yalikuwa hivi. Ukikutana na neno usilolijua, unaangalia linaanza na nini, halafu unamtafuta mwenyewe. Mwenyewe hatakiwi kukunyima, hata kama mmegombana. Wala hakupi kitita ukaenda nacho; anakusomea, kisha anakueleza kwa maneno yake, kwa Kiswahili au kwa Kikamba, mpaka useme umeelewa. Ukipoteza kitita chako, wewe pia huombi maneno ya wengine mpaka muhula uishe. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na tuliiogopa kuliko kiboko.

Basi jioni ungeona watoto wakipita njia za mashambani, huyu anatafuta mwenye br, yule anatafuta mwenye pl. Ukifika kwa watu unasalimia wakubwa kwanza, unapewa uji au muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, uliobaki mchana, unasaidia kupukuchua mahindi kidogo, ndipo unasema limekuleta neno gani. Susu alizoea kabisa. Akiona mtoto anakuja ananiuliza kama huyo amekuja kuchukua maneno, kama vile anauliza kama amekuja kuchukua moto. Wakati mwingine alikaa akasikiliza. Nilipomweleza mtoto mmoja kwamba steep ni kama kile kilima cha kwenda mtoni, Susu alisema basi Wazungu nao wamechota maji, maana mtu hawezi kulijua neno hilo bila mtungi mgongoni.

Tukaanza hata kuamini jambo ambalo hakuna aliyetufundisha, kwamba maneno yanayoanza sawa ni ukoo mmoja. Wakamba tuna koo zetu, na kila ukoo una watu wake wa kujivunia na watu wake wa kuficha. Aliyeshika sn alituchekesha mpaka tukashika mbavu, kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa pua: sneeze ni kupiga chafya, snore ni kukoroma, sniff ni kunusa, snout ni pua ya nguruwe. Mwenye gl alikuwa na ukoo wa kung'aa, glow, gleam, glitter, akaanza kutembea darasani na mabega juu. Wangu ulikuwa ukoo mkubwa wenye fujo. Starve, kufa njaa. Sting, kuuma kama nyuki. Steal, kuiba. Stagger, kupepesuka kama mlevi wa siku ya soko. Stubborn, mkaidi kama punda wetu, ambaye akikataa kutoka kwenye mchanga wa mto na mitungi yake hata Susu alimwacha akae. Nilikuwa na star pia, nyota, na steady, asiyeyumba, na hao wawili niliwataja kila mtu aliponicheka.

Ukoo wa gr ulikuwa wa jirani yangu. Kwao kulikuwa ng'ambo ya korongo tu. Moshi wao tuliuona, na mama yake akiita kuku nasi tunasikia. Baba yake alikuwa shemasi. Alikuwa msichana mtaratibu, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya kiondo, na Mwalimu alikuwa amempa rejista ya vitita aikague kila asubuhi. Alisema ukoo wake ni wa matanga: grief, grave, groan, grumble. Halafu anajifariji kwamba angalau kuna grain, kuna grace, na kuna grandmother, na nyanya akiwepo nyumba haiwezi kuharibika sana. Hakuna aliyeeleza maneno kama yeye. Nilipomwuliza grudge, aliniambia ni mtu akikukosea, halafu hiyo kitu unaiweka vizuri ndani, kama mbegu ya msimu ujao. Sijawahi kusikia maana nzuri kuliko hiyo, na nimefungua kamusi nyingi tangu hapo.

Darasani alikuwa wa kwanza mimi wa pili, au mimi wa kwanza yeye wa pili. Tulienda mtoni pamoja, tukachimba maji mchangani pamoja, mmoja akichota kwa kikombe mwingine ameshika mtungi. Nilimpenda. Nalisema mapema, usije ukafikiri palikuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali kama palikuwa na ugomvi.

Mwaka ule mvua ilikosa misimu miwili ikifuatana. Mbuzi wetu walibaki watatu, na kwao ng'ombe wa mwisho aliuzwa akiwa mifupa mitupu. Ndipo kanisa moja la pale Migwani likasema litamsomesha mtoto mmoja wa shule yetu sekondari, miaka yote minne, karo na sare na kila kitu. Mmoja. Kutakuwa na mtihani Jumamosi kanisani, atakayeongoza ndiye atachukuliwa. Mama yangu, aliyekuwa akifua nguo za watu mjini Mwingi, alituma ujumbe ulioeleweka: nikikosa hiyo basari, Januari naenda kwa shangazi kulea watoto. Jirani yangu naye hakuwa na njia nyingine. Sote wawili tulijua, na hatukulizungumzia.

Mtihani huo ulitungwa na mchungaji mzee, na waliotutangulia walituambia mtindo wake. Anapenda kuchagua herufi za mwanzo, anaandika maneno kumi yanayoanza nazo, na wewe unatoa maana. Herufi gani, hakuna anayejua. Kwa hiyo wiki ile ya mwisho watoto walizunguka kama siafu, vitita vikasomwa toka mwanzo hadi mwisho.

Jumatatu jioni nikamwona jirani yangu akishuka korongo. Nilikuwa uani, kitita nimekifungua mapajani, na Susu ameketi kwenye mkeka akichambua pojo. Najua hasa nilichofikiria. Sijakisahau hata siku moja. Nilifikiria: huyu akipata haya maneno, mimi nimekwisha. Nikainua pindo la mkeka, nikasukuma kitita chini yake, karibu na mguu wa Susu.

Alifika, akasalimia, akapewa uji. Alikunywa akisaidia kutoa mawe kwenye pojo. Kisha akasema amekuja tupitie st yote, na kesho mimi niende kwao tupitie gr. Nikamwambia st haipo. Nikamwambia mbuzi wameingia nyumbani mchana wakala kitita chote, labda kwa ajili ya ile karatasi ya saruji, inaonja chumvi. Nililisema vizuri kabisa, na sauti ya huzuni nikaitia.

Aliweka kikombe chini. Sikumwona akinishuku hata kidogo. Alinihurumia, akanishika mkono, akasema pole, akauliza sasa nitafanyaje. Susu hakuinua kichwa. Mgeni alipoinuka kwenda, Susu alimfungia pojo kwenye kitambaa, akampa, kisha akamwangalia akipanda ng'ambo ya pili mpaka akapotea nyuma ya ua wao. Ndipo akaniambia:

"Nyumba yangu haijawahi kumrudisha mtu hivi. Kesho kabla ya shule utampelekea."

Nikasema ndiyo, Susu. Sikupeleka.

Asubuhi yake jirani yangu alinisubiri kwenye lango la shule. Alinipa karatasi tatu, zimeandikwa pande zote mbili kwa ule mwandiko wake. Ilikuwa gr yote. Alikuwa ameikopi usiku kucha kwa koroboi, macho yamemvimba. Alisema Mwalimu akijua kitita kimeliwa nitafungiwa nisiombe maneno ya watu, na wiki hii ndiyo ya kuomba, kwa hivyo ninyamaze mpaka Jumamosi ipite. Kisha tukaingia darasani. Mwalimu akauliza kama kila siku kama vitita viko, na yeye akasimama na rejista yake.

"Viko vyote, Mwalimu."

Mtoto wa shemasi. Sikuwahi kumsikia akidanganya kabla ya siku hiyo. Alikaa chini, masikio yamemwiva, akafungua kitabu asiangalie mtu. Nami nilikuwa nimekaa nyuma yake na zile karatasi tatu. Tangu asubuhi ile hadi Jumamosi ni siku tano, rafiki yangu. Ningeweza kusema Jumanne, ningeweza kusema Alhamisi. Ningesema hata njiani kwenda kanisani, maana tulitembea pamoja, tumebeba viatu mkononi visichafuke.

Mtihani ulikuwa na hesabu, insha, na mafungu matatu ya maneno: pl, gr, na st. Katika gr nilipata yote kumi, kwa maneno yake mwenyewe, hata ile mbegu ya msimu ujao niliiandika. Katika st nilipata yote vilevile. Moja lilikuwa stingy. Nikaandika kwamba ni mtu asiyetaka kutoa alicho nacho, hata kama hakitapungua, nikaendelea na linalofuata. Aibu ilikuja baadaye, lakini mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Matokeo yalisomwa ibadani. Nilimpita kwa maksi nne. Baba yake alikuja akanishika mkono, akasema Mungu amechagua. Yeye alinikumbatia. Alisema alijua nitaongoza, hata bila kitita.

Jumatatu kabla ya shule nilikichukua kitita nikakipeleka kwa mbuzi. Nilitaka uongo wangu uwe kweli, basi. Nikawawekea pale chini, nikasogea nyuma. Walikuja wote watatu, wakakinusa, mmoja akauma kona akaitema, wakaondoka wakaenda zao kwenye miiba. Niliwabembeleza. Nilichana kurasa nikawapa mkononi. Hawakutaka. Mwisho nilikitia chini ya sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya mchana, na nikakaa pale nikakigeuza kwa kijiti mpaka kikaisha. Susu alikuwa mlangoni. Chakula kile hakukigusa.

Muhula ulipoisha, Mwalimu alikusanya vitita ili darasa litakalokuja livirithi. Changu hakikuwepo. Nikasimama nikasema mbuzi walikila. Akauliza lini, na ilinibidi niseme wiki ya mtihani, maana jirani yangu alikuwa amekaa pale anasikia. Mwalimu akageuka akamtazama yeye. Alimwuliza kama si yeye aliyesema viko vyote. Aliinamisha kichwa, asinitaje. Mwalimu hakumpiga, alinyoosha mkono tu, akamwambia amrudishie rejista, na kwamba hakumtegemea. Msichana yule alilia kimyakimya mpaka kengele, na mimi nilitazama ubao.

Darasa lililofuata lilisoma bila st. Nasikia kwa miaka kadhaa, mtoto akiuliza neno la ukoo huo, wenzake wanamwambia hao waliliwa na mbuzi, na wanacheka.

Nilienda sekondari, nikaenda chuo, nikapata kazi ya kaunti hapa Wote. Yeye alikaa nyumbani mwaka mmoja, kisha akaenda Mtito Andei kuosha vyombo kwenye hoteli ya jamaa yao. Susu alifariki nikiwa kidato cha tatu, na habari ile hakuitaja tena mpaka mwisho, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenichapa. Mwalimu naye alishazikwa. Nilipita shuleni nikiwa naenda matanga mwaka jana: wana jengo la vitabu lenye kufuli, na vijana niliowauliza kuhusu vitita walidhani nazungumzia noti. Jioni sikuona mtoto hata mmoja njiani akienda kwa watu kuuliza neno. Korongo lile limejaa miiba, huwezi kulipita tena kwa miguu. Nilisimama pale nikajaribu kutaja ukoo wangu wote, na nilipofika katikati nikakwama, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Lakini bado sijakuambia la Mtito Andei. Mwaka juzi kazi ilinipeleka huko, nikaingia hoteli moja ya kando ya barabara kutafuta chakula. Madereva wa malori walikuwa wamejaa. Mama mmoja mwenye leso kiunoni akaja na kitambaa cha kufutia meza, akanitazama, akaniita St. Miaka thelathini hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Alikuwa yeye, na hoteli ilikuwa yake.

Alinikumbatia mbele ya wateja. Aliniletea chapati na pojo kabla sijaagiza, akakaa nami, akauliza kazi, watoto, mama. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni, na msichana wa kama miaka kumi na minne akatoka, mikono ina unga, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Salimia anti," mama yake akamwambia. "Ndiye huyu ninayewaambiaga. Mbuzi walimlia karatasi zake wiki ya mtihani, na bado akatupita sisi wote. Hakulalamika. Wewe uko na vitabu vyote na unaniambia Kiingereza ni kigumu."

Akanigeukia akicheka, akanieleza kwamba watoto wake watatu amewalea na habari hiyo. Mkubwa alipotaka kuacha chuo alimkumbusha mimi, akarudi. Wa pili vilevile. Nyumbani kwao, mtu akilia kwamba hana hiki hana kile, wanamwuliza kama mbuzi wamekula kitita chake.

Nilikuwa na tonge mkononi. Msichana alikuwa ananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtoto wangu mwenyewe. Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yake, nisimvunje moyo. Si kweli. Niliogopa, kama nilivyoogopa siku ile uani kwa Susu.

"Ni ukweli, anti?" msichana akauliza. "Walikula yote?"

Mama yake alikuwa akingoja pia, anatabasamu, amenishika mkono.

"Yote," nikasema. "Hata jalada."